Kusoma Kurani si haki ya wanaume pekee

Kuna mjadala ambao hurudi mara kwa mara katika vyumba vya walimu, katika mihadhara ya misikitini na hata katika madarasa ya shule za upili: je, mwanamke anaweza kuifasiri Kurani, na akiifasiri kwa kuzingatia hali ya wanawake wenziwe, je, kazi hiyo ni ya dini au ni ya siasa? Wanaouliza swali hili aghalabu huwa wamekwisha kulijibu. Wako wasemao kwamba jambo hili ni uzushi ulioletwa kutoka Marekani na Ulaya ili kuivunja nyumba ya Mwislamu. Wako wengine, wasio na haja na dini yenyewe, wasemao kwamba Kurani imekwisha kumdhalilisha mwanamke na kwamba anayejaribu kuisoma vingine anapoteza wakati wake. Makundi haya mawili hayapatani kwa lolote, lakini yanaafikiana katika jambo moja kubwa, nalo ni kwamba maana ya aya ni ile ile waliyoisikia, wala hapana haja ya kukifungua kitabu.

Mimi nataka kitabu kifunguliwe. Si mwanachuoni wa fikihi, na sitatoa fatwa. Naandika kama mtu anayefundisha lugha, na sehemu kubwa ya ubishi huu, waama, ni ubishi wa lugha.

Lugha yetu yenyewe imechangia kutukanganya. Kwa Kiswahili neno tafsiri hutumika kwa kazi mbili zilizo mbalimbali: kuyahamisha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine, na kuyaeleza makusudio ya maneno hayo. Waarabu huiita ya kwanza tarjama na ya pili tafsir. Sisi tumezichanganya katika chungu kimoja, na matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa Lamu au wa Mumias anayesoma Kurani kwa Kiswahili huamini kwamba anasoma aya, kumbe anasoma aya pamoja na uamuzi wa mtu aliyekaa mezani akachagua neno hili akaacha lile. Padri Godfrey Dale wa Unguja alichapisha tafsiri yake mwaka wa 1923. Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi wa jumuiya ya Ahmadiyya alitoa yake mwaka wa 1953. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyepata kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikamilisha ya kwake mwaka wa 1969, na Sheikh Ali Muhsin Barwani akafuatia mwaka wa 1995. Ahmadiyya walitaka kuyajibu ya Dale, na Farsy hakuficha kwamba alitaka kuyajibu ya Ahmadiyya. Kwa hivyo kufasiri Kurani kwa Kiswahili kumekuwa uwanja wa hoja tangu mwanzo. Wote wanne walikuwa wanaume, na sikumbuki kusikia mtu akilalamika kwamba kuwa mwanamume kuliwafanya wasome kwa upendeleo.

Huko nyuma kabisa mambo yalikuwa vivyo hivyo. Tabari, aliyefariki mwaka wa 923, ana desturi ya kuzipanga kauli za waliomtangulia, tatu, nne au zaidi, kuhusu neno moja tu la aya, kisha akasema ni ipi anayoiona kuwa na nguvu na kwa nini. Hakuna aliyesema kwamba uteuzi wa Tabari ndio aya yenyewe. Na kabla ya Tabari walikuwako wanawake. Bibi Aisha, mkewe Mtume (S.A.W.), aliposikia ikisemwa kwamba mbwa, punda na mwanamke huikata sala ya mtu wakipita mbele yake, aliikataa kauli hiyo waziwazi, akaeleza kwamba yeye alikuwa akilala mbele ya Mtume ilhali Mtume anasali. Kisa hiki kimo katika mkusanyiko wa Bukhari mwenyewe. Karne kadhaa baadaye, huko Makka, Karima al-Marwaziyya alikuwa miongoni mwa walimu mashuhuri wa kitabu hicho hicho cha Bukhari, na wanaume walisafiri kwenda kukisoma kwake. Katika miaka ya 1960 Aisha Abd al-Rahman wa Misri, aliyejulikana kwa jina la Bint al-Shati, alichapisha ufafanuzi wa sura kadhaa kwa njia ya fasihi na lugha. Anayesema kwamba mwanamke kuifafanua Kurani ni jambo la juzi, basi juzi yake ni ndefu sana.

Lililo jipya ni swali linaloulizwa. Katika miaka ya 1980 na 1990 walitokea wasomi wa kike walioichukua Kurani yenyewe kuwa hoja yao dhidi ya dhuluma wanazotendewa wanawake kwa jina lake. Riffat Hassan wa Pakistan alishughulikia kisa cha kuumbwa kwa binadamu. Fatima Mernissi wa Fez, Moroko, alichunguza hadithi zinazotumiwa kumzuia mwanamke asishike uongozi. Amina Wadud, Mmarekani mweusi aliyesilimu mwaka wa 1972, aliandika kitabu kizima juu ya Kurani na mwanamke, kikachapishwa Kuala Lumpur mwaka wa 1992, wakati alipokuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Kiislamu huko Malaysia. Asma Barlas, mzaliwa wa Pakistan, aliongeza chake mwaka wa 2002. Sisi huwaita wote wafeministi, ijapokuwa Barlas amelikataa jina hilo na Wadud alikaa nalo mbali kwa muda mrefu. Wengi wanamjua Wadud kwa sababu ya Ijumaa moja ya mwezi wa Machi 2005, alipowasalisha wanaume na wanawake pamoja mjini New York. Nadhani sala ile iliwafanya watu wengi wasikisome kitabu chake kamwe. Ni hasara, kwani mtu anaweza kuipinga sala ile kwa nguvu zake zote na bado akajifunza mengi kutoka kwa kitabu.

Tuchukue aya ya kwanza ya Sura ya Nne, Annisaa. Inawaambia watu wote kwamba wameumbwa kutokana na nafs moja, na kwamba kutokana na hiyo akaumbwa zawj wake, kisha kutokana na wawili hao wakaenea wanaume na wanawake wengi. Kisarufi, kwa Kiarabu, nafs ni neno la kike na zawj ni la kiume. Mtu mwenye kupenda mzaha angeweza kudai kwamba basi mwanamke ndiye aliyetangulia. Wadud hadai hivyo. Anasema tu kwamba aya haikumtaja mwanamume kuwa asili na mwanamke kuwa tawi, imetaja nafsi na mwenziwe. Kiswahili, ambacho hakitenganishi wa kike na wa kiume katika viwakilishi na viambishi vyake, kingelibeba jambo hili kwa urahisi kuliko Kiingereza au Kifaransa. Nafsi tunayo. Zawj tunayo pia, kwani ndiyo asili ya jozi yetu, na hakuna aliyewahi kuuliza katika jozi ya viatu ni kipi kilichoumbwa kutokana na kipi. Hata hivyo wafasiri, wa Kiarabu na wa Kiswahili, wamezoea kuyatia hapo majina ya Adamu na Hawa, na msomaji hufunga kitabu akiamini kwamba ameisoma habari ya ubavu.

Habari ya ubavu haimo katika Kurani. Imo katika Kitabu cha Mwanzo cha Biblia, na ubavu umetajwa katika hadithi aliyoipokea Bukhari, ambayo inaanza kwa kuwausia wanaume wawatendee wanawake wema. Hali kadhalika Kurani haimtwishi Hawa lawama ya tunda. Katika Sura ya Saba wote wawili wanashawishiwa na wote wawili wanatubu, na katika Sura ya Ishirini anayetajwa kwa jina kuwa alimuasi Mola wake ni Adamu. Nimesikia mahubiri mengi ya harusi ambamo Hawa hubebeshwa mzigo ambao kitabu hakikumbebesha.

Sasa nije kwenye aya ambayo ndiyo kiini cha ugomvi wote, yaani aya ya 34 ya sura hiyo ya Annisaa. Kwa muhtasari, inasema kwamba wanaume ni qawwamun juu ya wanawake, kwa yale ambayo Mungu amewafadhili baadhi kuliko wengine na kwa sababu ya mali wanayoitoa. Inawasifu wanawake wema kwa neno qanitat. Kisha inawataja wale ambao nushuz yao inachelewa, na kuamrisha mambo matatu kwa mpango: kuwapa nasaha, kujitenga nao malazini, na la tatu ni tendo linalotokana na mzizi wa daraba, ambalo wafasiri karibu wote wamelifasiri kuwa ni kupiga.

Qawwamun kwa Kiswahili imezoeleka kuwa wasimamizi. Mzizi wake umetupa maneno chungu nzima: kaimu, makamu, takwimu, hata kiyama. Lakini msimamizi gani? Walimu wanamjua msimamizi wa mtihani, ambaye kazi yake ni kutembea baina ya madawati akitafuta mwizi. Yuko msimamizi wa shamba, ambaye husimama kivulini wengine wakilima. Na yuko msimamizi wa mirathi, ambaye amekabidhiwa haki za watu na anaweza kushtakiwa asipowafikishia. Mwanamume anayeisoma aya hii hujiona katika sura ya yupi kati ya hawa watatu? Kurani yenyewe inatoa mwanga, kwani katika sura hiyo hiyo, aya ya 135, waumini wote wanaamrishwa wawe qawwamin wa uadilifu, hata kama ushahidi wao utawadhuru wao wenyewe au wazazi wao. Neno ni lile lile. Hapo hakuna anayelifasiri kuwa ubwana.

Isitoshe, aya imetoa sababu, na mojawapo ni matumizi. Wadud anaifungamanisha na uzazi: mwanamke anapobeba mimba na kunyonyesha, ni haki kwamba mwanamume aubebe mzigo wa chakula na makao, ili mmoja asielemewe na yote. Msomaji ataniambia kwamba huo ni ufeministi. Basi na amsome Qurtubi, mwanachuoni wa Andalusia aliyefariki mwaka wa 1273, ambaye hakupata kumsikia mfeministi yeyote. Akiifafanua aya hii anaeleza kwamba mume akishindwa kutoa matumizi huwa hana tena cheo cha qawwam juu ya mkewe, na mke ana haki ya kutaka ndoa ivunjwe, na anasema kwamba huo ndio msimamo wa Malik na Shafi. Sisi wa pwani ya Kenya ni Mashafi kwa wingi wetu. Ningependa kujua ni mihadhara mingapi ya ndoa, kati ya mia, hulitaja jambo hili.

Qanitat mara nyingi hufasiriwa kuwa wenye kuwatii waume zao. Neno hilo hilo, kwa umbo la kiume, limetumika kwa wanaume katika Sura ya 33, na katika Sura ya 66 limetumika kwa Maryamu, ambaye katika Kurani hana mume wa kutiiwa. Ni unyenyekevu kwa Mungu. Na nushuz, ambayo kwa mke huitwa uasi, imetajwa tena katika aya ya 128 kwa upande wa mume, pale mwanamke anapochelea nushuz ya mumewe. Nawaomba walimu wawape wanafunzi kazi ndogo: kila mmoja aichukue tafsiri ya Kiswahili iliyoko nyumbani kwao, aziweke aya hizi mbili pamoja, aandike ni neno gani limetumika kwa mke na ni lipi limetumika kwa mume. Kisha darasa lijadili iwapo tofauti watakazozikuta zimetoka katika Kiarabu au zimetoka kwa mfasiri.

Limebaki neno la tatu, nalo ni zito. Mzizi wa daraba una maana nyingi. Umetupa dharuba, na umetupa mudharaba ya benki za Kiislamu, ambayo inatokana na maana ya kusafiri nchini kutafuta faida. Katika Kurani umetumika pia kwa kupiga mfano. Kwa kuutegemea wingi huu wa maana, Laleh Bakhtiar, Mmarekani mwenye asili ya Iran, aliitoa tafsiri yake ya Kiingereza mwaka wa 2007, na mahali pa kupiga akaandika kwamba mume aende zake, ajitenge. Wengi waliifurahia. Mimi sikuridhika. Daraba yenye maana ya kusafiri kwa kawaida huandamana na kihusishi, na hapa kitendo kinamwangukia mtendwa moja kwa moja. Sarufi haipendi kulazimishwa, hata kwa nia njema, na hoja iliyosimama juu ya sarufi dhaifu humpa mpinzani ushindi wa bure. Kecia Ali, msomi Mwislamu wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka wa 2006 amewaonya wenziwe juu ya tabia hii ya kuyapita kwa wepesi mahali ambapo matini ni magumu. Naona ana haki.

Wapinzani wao nao wana njia yao ya mkato. Husema kwamba kipigo kinachokusudiwa si cha kuumiza, ni cha mswaki tu, na huitegemea kauli inayonasibishwa na Ibn Abbas. Ni kweli kwamba kauli hiyo imepokewa, na ni kweli kwamba Mtume, katika hotuba ya hija yake ya mwisho, aliweka sharti kwamba pigo lisiwe la kudhuru. Lakini mwanamke aliyevunjwa mkono hakuvunjwa na mswaki. Anayeitaja aya hii mbele ya mume mwenye ghadhabu kisha akataja mswaki kwa sauti ya chini anajua fika ni sehemu ipi itakayosikika.

Njia ninayoiona kuwa ya kweli zaidi ni ile ambayo baadhi ya wanavyuoni wa kale waliipita kabla yetu. Ata bin Abi Rabah, mufti wa Makka katika karne ya kwanza ya Kiislamu, aliisoma aya hii, akaikubali kuwa ni aya, na bado akasema kwamba mume hampigi mkewe, humkasirikia tu. Ibn al-Arabi, kadhi wa Andalusia aliyefariki mwaka wa 1148, aliinukuu kauli hiyo na kuisifu kuwa ni katika fikihi ya Ata, yaani uwezo wake wa kuzisoma sheria kwa jumla yake: Ata alijua kwamba Mtume alichukizwa na wanaopiga wake zao. Bibi Aisha amepokewa katika mkusanyiko wa Muslim kwamba Mtume hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Katika zama zetu, Ibn Ashur wa Tunisia, aliyefariki mwaka wa 1973, aliandika kwamba wenye mamlaka wakiona waume wanavuka mipaka, inajuzu wawapige marufuku kabisa na kumwadhibu atakayevunja amri hiyo. Wanaume hawa hawakuwa wanachama wa chama chochote cha wanawake. Walifanya kile ambacho Wadud amekifanya karne nyingi baadaye, yaani kuisoma aya moja ndani ya kitabu kizima, na ndani ya maisha ya yule aliyekileta. Kwa hivyo, wakati Kenya ilipopitisha mwaka wa 2015 sheria ya kuwakinga watu na ukatili majumbani, Mwislamu aliyeona kwamba sheria hiyo inamnyang'anya haki aliyopewa na Mungu alikuwa na deni la kumjibu Ata kwanza.

Ipo hoja moja ya wapinzani ambayo siipuuzi. Wanasema kwamba wasomi hawa huijia Kurani wakiwa wamekwisha kuamua watakalolikuta. Yawezekana. Lakini yule aliyeishi karne ya kumi na mbili katika mji ambamo wajakazi waliuzwa sokoni, naye aliijia Kurani na mji wake mabegani. Zamakhshari alikuwa bingwa wa balagha asiye na mfano, hata hivyo anapoeleza ubora wa wanaume katika aya ya 34 huorodhesha akili, azma, nguvu, hata kupanda farasi na kutupa mishale. Aya haikumtaja farasi. Dawa ya msomaji mwenye upendeleo ni kumletea msomaji wa pili, wala si kumfukuza huyo wa pili ili wa kwanza abaki peke yake.

Kuhusu ushahidi wa wanawake wawili sitakawia. Aya ya 282 ya Sura Albakara inahusu kuandikiana deni, na Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka wa 1350, alikwisha kubainisha kwamba ushauri kwa mkopeshaji wa namna ya kuihifadhi haki yake ni jambo moja na ushahidi anaoutegemea kadhi ni jambo jingine. Tena, hadithi iliyopokewa na mwanamke mmoja mwaminifu haikuwahi kuhesabiwa kuwa nusu ya hadithi.

Mernissi anatufikisha kwenye jambo lililo karibu nasi zaidi. Alifuatilia hadithi ya Abu Bakra isemayo kwamba hawatafaulu watu watakaomkabidhi mwanamke mambo yao, akaonyesha kwamba Abu Bakra aliikumbuka wakati wa Vita vya Ngamia, mwaka wa 656, miaka zaidi ya ishirini baada ya Mtume kufariki, Bibi Aisha akiwa ndiye kiongozi wa upande ulioshindwa. Hoja yake inaweza kupingwa, na imepingwa. Lakini Kurani, katika Sura ya 27, inamweleza Malkia wa Sabaa kuwa mtawala mwenye kushauriana na wakuu wake na kuchelea vita, wala haimkosoi kwa kuwa mwanamke. Na historia ya pwani hii ina Mwana Mkisi wa Mombasa, ambaye wenyeji humtaja katika asili ya mji wao, ina Malkia Fatuma wa Unguja mwishoni mwa karne ya 17, na ina Mwana Khadija wa Pate katika karne ya 18. Waislamu wa Pate walikuwa wakisali, wakifunga na kuandika tenzi, na mwanamke alikaa katika kiti cha enzi.

Kwa walimu wa fasihi nina neno mahsusi. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo 1858, husomeshwa kana kwamba ni sura ya ziada ya Kurani. Humo mama anamfunza bintiye kwamba mke anahitaji radhi ya watano, Mungu, Mtume, baba, mama na mume, na kwamba mume ndiye atakayeulizwa siku ya mwisho kama aridhiwe aende peponi. Ni wasia wa mama mgonjwa kwa binti yake, katika nyumba ya watawala wa Siyu, wakati wa vita na fitina. Una hekima na una ujanja pia, kwani ushauri wa namna ya kumhudumia mume waweza kusomwa kuwa ushauri wa namna ya kuishi naye salama. Lakini ni shairi la mtu. Mwanafunzi asiyeonyeshwa mpaka kati ya utendi na aya atakuwa mtu mzima anayeapa kwamba amelisoma jambo hilo katika Kurani. Na asisahau kwamba aliyelitunga alikuwa mwanamke aliyejiona ana elimu ya kutosha kufundisha dini.

Haya si mambo ya vitabu tu. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 170, inazipa mahakama za makadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wanaokubali kupelekwa huko. Kitabu cha Susan Hirsch cha mwaka wa 1998, kilichotokana na utafiti katika mahakama hizo hapa pwani, kinaonyesha kwamba walalamishi wengi walikuwa wanawake, na kwamba mara nyingi walikwenda kwa sababu waliamini sheria ya dini iko upande wao. Mara nyingi walishinda. Hawakwenda kudai kilicho nje ya Kurani. Walidai matumizi ambayo mume alikuwa ameyakatiza, na talaka waliyonyimwa. Mwanamke wa namna hiyo akifika mbele ya kadhi akiwa anaijua aya ya 128, na anajua alichosema Qurtubi, huwa na silaha. Akifika akiwa ameambiwa tangu utotoni kwamba subira ndiyo fungu lake, huomba msamaha kwa kuwa amekuja.

Msichana wa kidato cha nne anayefanya Elimu ya Dini ya Kiislamu anafundishwa majina ya wake za Mtume. Ni wangapi wanaofundishwa kwamba Umm Salama, mmoja wa wake hao, ndiye anayepokewa kuwa alimuuliza Mtume kwa nini wanaume hutajwa na wanawake hawatajwi, ikashuka aya ya 35 ya Sura ya 33, ambayo inataja sifa kumi na kila sifa ikazitaja jinsia zote mbili, moja kando ya nyingine? Alikuwa na swali juu ya lugha ya Kurani, akaliuliza, na jibu likawa aya.

Katika vyuo vyetu wanawake wengi huwafundisha watoto alifu na be, huwasahihishia matamshi, na huwafikisha hadi kuhitimu juzuu. Lakini mwezi wa Ramadhani ukiingia na darsa za tafsiri zikaanza baada ya Alasiri, wanawake hao hao huketi nyuma ya pazia, na wakiwa na swali hupeleka kikaratasi. Naziomba kamati za misikiti, na vyama vya wanafunzi Waislamu katika vyuo vikuu ambavyo vina mabinti waliobobea katika Kiarabu, wawape walau darsa moja kwa juma. Wangeweza kuanza na Sura ya 58, Almujadila. Ina aya 22 tu, na jina lake linatokana na Khawla binti Thaalaba, aliyetamkiwa na mumewe maneno ya kijahilia ya kumfanya mke kama mama, akaenda kwa Mtume, akabishana naye asikubali kurudi nyumbani bila jibu, hadi ikateremka aya kwamba Mungu ameyasikia mabishano yake.